Oili ya Mama Mkwe na Waranti ya Gari la Kanisa

Kila nikipita kwenye gereji zenu hapa Mwingi, nyinyi vijana mnaniuliza swali lilelile, hata kabla hamjanisalimu vizuri: "Mzee Kithome, oili gani ndiyo poa?" Halafu mnanyamaza mkingoja nitaje jina la kampuni ili mkimbie dukani. Nimemwaga oili chafu na kutia safi kwa miaka thelathini na minne, na jibu langu halijawahi kumfurahisha mtu. Oili nzuri ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lenyewe. Hapo mnaguna, mnaniambia hilo hata mtoto analijua. Sawa. Mimi pia nililijua, na bado siku moja nilitia oili isiyofaa kwenye gari jipya lenye waranti, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Aliyeileta alikuwa mama mkwe wangu.

Nitafika huko, msinisukume. Kwanza niwaambie nilikojifunzia.

Nilianzia Malili, kwenye barabara ya Mombasa, kwa fundi mmoja aliyeitwa Mzee Ndolo. Kazi yetu ilikuwa malori. Mzee Ndolo alichomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, akaisugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada, akainua mkono juani, akakwambia kama maji yameingia, kama dizeli imeingia, na mara nyingine kama dereva anamwibia tajiri wake. Kuhusu aina ya oili alikuwa na imani moja tu: iwe nzito. "Mgonjwa hunywa uji," alikuwa akisema. "Lori linataka ugali."

Yeye ndiye alinifundisha kumwaga oili injini ikiwa na joto kiasi, isiwe inachemka. Alinifundisha baada ya mimi kuungua, na alama bado iko hapa kwenye kiwiko. Alinifundisha kupangusa kifuniko kabla ya kukifungua, ili mchanga usiingie. Na wiki yangu ya pili nilisahau kurudisha nati ya sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Nikapanda juu, nikamimina galoni baada ya galoni, kisha nikashuka kupima. Dipstiki ikatoka kavu. Nikaongeza. Mzee Ndolo alikuwa ameketi pale na kikombe chake cha chai, akinitazama mpaka nikamaliza mkebe wa mwisho.

"Kithome," akasema, "mchanga wa Malili hauna injini. Unauwekea oili ya nini?"

Msije mkamcheka Mzee Ndolo kwa sababu ya ugali wake. Kwa injini za wakati ule hakukosea. Chuma na chuma vilikuwa vimeachana vya kutosha, na oili nzito ilikaa pale katikati ikafanya kazi yake. Injini za sasa nafasi hizo ni ndogo kuliko unywele, na turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, inazunguka kwa kasi ambayo hata ukiambiwa hutaamini. Oili nzito hufika huko juu imechelewa, na wakati unaiwasha asubuhi hakuna kitu kinachochelewa kikasamehewa. Tena dizeli za siku hizi zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Ukitia oili inayoacha majivu mengi, chujio linaziba. Kwa hivyo msisome namba za uzito wa oili peke yake mkafurahi. Geuzeni mkebe, someni na zile herufi ndogo za nyuma, mlinganishe na kitabu, herufi kwa herufi. Kama miwani imekusaliti, muulize mwenzako akusomee. Kuuliza si ujinga.

Mimi haya sikuyapata Malili. Niliyapata kwa Bwana Abdi.

Wakati huo nilikuwa nimehamia Mwingi, naendesha sehemu ya kubadilisha oili kwenye kituo cha mafuta, hapa barabara ya Garissa. Bwana Abdi alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa kaskazini, mpole, nguo nyeupe hata akitoka mnadani. Akaja na pikapu mpya kabisa. Nikafungua boneti kwa mbwembwe, nikamwambia, "Mzee, hii joto ya huku inataka oili nzito. Nitakuwekea ile ya malori, utanishukuru."

Hakubishana. Akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa kitabu kilichofungwa kwa nailoni.

"Fundi, wewe umetengeneza gari ngapi?"

"Nyingi sana."

"Hapana. Si kurekebisha. Kutengeneza, kutoka mwanzo."

"Hakuna."

"Hii iko na watu waliitengeneza, na wameandika. Soma hapo."

Nikasoma, tena kwa sauti kama mwanafunzi. Palikuwa na picha ya kipimajoto, na ile oili nyepesi niliyokuwa naidharau ilikuwa imepigiwa mstari kutoka kwenye baridi ya barafu mpaka kwenye joto lisilofika hata huku kwetu. Nikatia ilivyoandikwa. Kisha akanifanya niandike kwenye kurasa za nyuma: tarehe, kilomita, aina ya oili, filta, jina langu na sahihi. Risiti akaibana mlemle.

Nikamuuliza karatasi zote hizo za nini. Akaniambia, "Ng'ombe wangu nikiwapeleka Nairobi, lazima niwe na karatasi ya daktari. Bila karatasi, askari ananirudisha, hata kama ng'ombe ni mzima. Gari pia ni hivyo. Ikiharibika nitawaambia nini wale watu? Niape?"

Hiyo ndiyo waranti, vijana wangu, na sijasikia profesa akiieleza vizuri zaidi. Kampuni inakuahidi kwamba kikivunjika kitu kwa kosa lao, watarekebisha wao. Lakini na wewe uonyeshe ulifanya sehemu yako. Watu wengi hudhani lazima ununue oili yenye jina la kampuni ya gari. Vitabu vingi havisemi hivyo. Vinasema oili yoyote iliyofika kipimo hiki na herufi hizi, kwa wakati, na ushahidi uwepo. Vingine lakini vinasema, mpaka waranti iishe, huduma ifanyike kwa wakala wao tu. Basi kabla hujashika spana, tafuta ukurasa huo. Ukikuta imeandikwa hivyo, mwambie mteja ukweli na umwache aende. Atakurudia waranti ikiisha, na atakuja na jirani yake.

Vile vichupa vidogo vinavyouzwa dukani, eti unatia injini inarudi ujana, viacheni hukohuko. Ujana haurudi, mimi nimejaribu. Na oili ya kuongezea iwe ileile iliyomo ndani, kwa hivyo mwambie mteja abebe lita moja chini ya kiti badala ya kununua yoyote atakayoipata njiani.

Kisha kuna oili bandia. Mikebe yetu mitupu inaokotwa, inajazwa takataka, inarudi sokoni ikiwa na sura nzuri kuliko ya mwanzo. Ndiyo maana nilikuwa natoboa kila mkebe nikimaliza. Jambo hilo lilinipa maadui wengi kuliko lingine lolote maishani, maana huku kwetu mtungi wa lita tano ni mali, na kila mwanamke wa Mwingi alikuwa na mpango nao. Mwikali, mke wangu, alinikuta siku moja nikitoboa, akashika kichwa. "Asi! Kithome, mtungi mzuri hivyo, umekukosea nini?" Tukafikia makubaliano: nikawa namletea mitungi iliyokatwa matako, akapandia vitunguu.

Sasa tuje kanisani.

Kanisa letu lilichanga miaka mingi likanunua gari la abiria, jipya, la dizeli, na waranti ya miaka mitatu. Huku tumezoea magari yaliyokwisha kutumika Japani, kwa hivyo gari lenye nailoni kwenye viti lilikuwa ajabu. Watu walikuja kulinusa. Lilikuwa la kwaya na la mazishi, lakini hasa lilinunuliwa kwa ajili ya wagonjwa. Wa kwanza kati yao alikuwa Mwalimu Nzomo. Mwalimu alinifundisha hesabu darasa la tano, akanichapa pia, zote mbili kwa faida yangu. Figo zake zilikuwa zimechoka, na mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, alihitaji kwenda Kitui kusafishwa damu. Kabla ya gari alikuwa akienda kwa pikipiki. Asipokwenda, anakufa. Sina namna ya kulisema hilo kwa upole.

Mimi nilikuwa nimestaafu karibuni, wakaniweka kwenye kamati ya gari kama fundi. Nilisoma kitabu chote. Kiliruhusu fundi yeyote mwenye cheti, mradi oili iwe ya kipimo chao na kurasa za huduma zijazwe. Nina cheti cha daraja la kwanza. Nikamwambia mwenyekiti wetu, Mzee Mutua, asiwe na wasiwasi.

Ikafika Jumapili ya shukrani ya mavuno. Mnajua desturi yetu: watu huleta kuku, mayai, miwa, maboga, na ibada ikiisha vinapigwa mnada pale nje. Mwaka huo mchungaji alisema anayeweza amkumbuke Mungu kwa kulikumbuka gari. Lo! Watu wakaja na oili. Mikebe kumi na mmoja mbele ya mimbari. Nikiwa kwenye benchi langu niliweza kusoma mingi: ya malori, ya pikipiki, ya giaboksi, ya trekta, na mmoja alikuwa ameleta ya breki. Kuku wakapigwa mnada. Oili hapana, kwa sababu ilitolewa kwa gari lenyewe na ilikuwa imeombewa.

Wa mwisho kuja mbele alikuwa mama mkwe wangu. Alikuwa ameuza ndengu zake, akaenda dukani mwenyewe, akanunua lita tano za 20W-50, oili nzito, akazibeba mgongoni kwa ukanda wa kyondo, kapu letu la kusuka, kutoka kwake mpaka kanisani. Akautua mkebe, akapumua, akasema, "Hii ni ya gari. Fundi ni mkwe wangu. Ataitia kwa mkono wake." Kanisa likapiga makofi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Wakamba wenzangu hawahitaji maelezo, lakini pengine anayesoma ni mgeni. Kati ya mwanamume na mama mkwe wake kuna kitu tunakiita nthoni. Ni heshima, na ni haya, na kidogo ni woga. Humtazami usoni. Mkikutana njiani unampisha mbali. Sahani yako hailiwi karibu na yake. Ukiwa na neno unalipitisha kwa mkeo. Vijana wa mjini mmelegeza, lakini mimi katika miaka ishirini na minane ya ndoa sikuwa nimewahi kumwambia mama mkwe neno lolote moja kwa moja, wala yeye kwangu. Sasa niambieni ningemwambiaje, mbele ya kanisa zima, kwamba ndengu zake hazifai?

Jumatatu gari likafikisha kilomita za huduma ya kwanza. Nikamwambia Mzee Mutua oili ile si ya gari hili.

"Basi kamwambie mama mkwe wako," akasema. "Mimi siwezi."

"Wewe ndiye mwenyekiti."

"Na wewe ndiye mkwe. Tia tu, bana. Oili ni oili. Na hiyo imeombewa."

Nikatia. Lita zake tano, na mbili kutoka mkebe mwingine wa aina hiyohiyo. Nilijua ninachokifanya kila tone. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, ila walisahau kumtaja mama mkwe.

Kesho yake Jumanne nilisimama barabarani nikamwona Mwalimu Nzomo akipanda gari kwenda Kitui. Alipanda pole pole, ngazi moja, anapumzika, ngazi nyingine. Akanipungia mkono. Muthui, dereva wetu, akaondoka, na mimi nikabaki pale. Waranti ilikuwa kitu pekee kilichosimama kati ya lile gari na kuegeshwa milele, maana kanisa lilikuwa limejikamua mpaka mwisho, na injini ya pili tusingeiweza. Waliporudi alasiri nilimwambia Muthui asilizime, alilete moja kwa moja kwangu.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini oili ina nati. Nikaifungua. Nikatoa yote, nikaikinga kwenye mtungi safi, nikatia filta mpya na oili nyepesi ya kipimo, 5W-30 yenye zile herufi za chujio la masizi. Halafu nikachukua kitabu. Kwenye mstari wa jana nilikuwa nimeacha wazi mahali pa oili. Nikaandika: "Nilitia 20W-50, si ya gari hili. Sababu: aibu. Imetolewa siku ya pili, baada ya kilomita mia na kidogo. Filta mpya." Nikatia sahihi.

Mzee Mutua aliposoma, miwani ilimwanguka.

"Aibu? Umeandika aibu kwa kitabu ya kampuni?"

"Ndiyo sababu yenyewe."

"Futa!"

"Ni kalamu ya wino, mzee."

Ikabaki kazi ngumu. Alhamisi nikaenda kwa mama mkwe pamoja na Mwikali. Nikapewa kigoda uani, nikakaa nimeupa mlango mgongo. Mama mkwe alikuwa ndani, hatua nne hivi kutoka nilipo, na masikio yake ni mazima kuliko yangu. Mwikali akasimama mlangoni katikati yetu.

"Mwambie mwaitu ile oili yake nimeitoa," nikasema. Mwaitu kwetu ni mama.

"Mwaitu, anasema oili yako ameitoa."

Kuku mmoja akapita.

"Muulize kwa nini."

"Anauliza kwa nini."

"Mwambie ni oili nzuri sana, lakini lile gari bado ni changa. Ni kama kumpa mtoto mchanga muthokoi."

Mwikali akalifikisha hilo la muthokoi, yale mahindi yetu magumu ya kukoboa, na nadhani alilifurahia. Ndani nikasikia mtu akiguna.

"Muulize mbona hakusema Jumapili."

Mwikali hakulirudia. Alinigeukia, mikono kiunoni. "Ee, mbona hukusema?"

"Mwambie ni nthoni."

Kisha mama mkwe akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, Mwikali akaingia kumpa maji. Halafu nikasikia sauti yake, na haikupitia kwa mtu.

"Kithome."

Niliruka kutoka kwenye kigoda.

"Gari likikufa, Nzomo atapanda nini?"

"Hakuna, mwaitu," nikajibu, nikiutazama ukuta wa choo.

"Basi nikikosea, niambie. Nthoni ni ya njiani na ya sahani. Kwa injini hakuna."

Oili yake aliniambia niipeleke kwenye kinu cha kusaga unga cha sokoni, kile chenye injini kuukuu inayopiga kama ngoma. Kinu kiliipokea kwa furaha. Ile mikebe mingine iliyofungwa tuliipiga mnada Jumapili iliyofuata pamoja na kuku, na pesa zikanunua oili ya kipimo.

Ningetamani kuwaambia kisa kiliisha hapo. Miezi saba baadaye, gari likirudi kutoka mazishi Zombe, turbo ikaanza kupiga mluzi, moshi ukatoka, nguvu ikaisha. Lilivutwa mpaka Mwingi likiwa limejaa kwaya iliyokataa kuimba. Tukaita kampuni. Wakasema watamtuma injinia akague gari na kitabu.

Siku moja kabla ya injinia kufika, Mzee Mutua alikuja kwangu na kitabu chini ya koti. Hakuwa na hasira. Alikuwa amepungua.

"Kithome, hii ukurasa imeshikwa na waya mbili tu. Ng'oa. Wakisoma hiyo aibu yako, wanakataa, na Nzomo..." Hakumalizia. Ijumaa iliyopita Mwalimu alikuwa amekwenda Kitui kwa pikipiki, na aliporudi walimshusha wanaume wawili.

Niliushika ule ukurasa. Sitawadanganya. Niliushika kwa kidole gumba na cha shahada, na nikajaribu waya zinavyoshika. Mzee Mutua hakuwa mtu mbaya. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuamua kuung'oa. Halafu nikafungua kurasa nyingine ili nisiziharibu, nikaona maandishi yangu: tarehe, kilomita, oili, risiti, mstari baada ya mstari, yote kweli. Nikafikiri, nikiuondoa huu, hii mingine inakuwa nini? Nikamrudishia kitabu kikiwa kizima. Mzee Mutua aliondoka bila kuniaga, na usiombe kujua jinsi nilivyojichukia.

Injinia alikuwa msichana wa miaka kama thelathini, ovaroli safi, maneno machache. Alifungua turbo, akapiga picha, akachota oili kwenye kichupa kidogo, akakibandika karatasi. Kisha akaketi kwenye tairi, akafungua kitabu. Alipofika pale akasimama.

"Sababu, aibu," akasoma kwa sauti. "Aibu ya nini, mzee?"

Nikamweleza yote, kuanzia ndengu. Mzee Mutua alikuwa amefumba macho. Nilingoja acheke. Akasema tu, "Hata kwetu tuko na hiyo. Babangu mpaka leo hawezi kukula mahali mama mkwe wake ako." Akapiga picha ya ukurasa, akafunga mkoba, akasema uamuzi utatoka Nairobi.

Ulichukua siku kumi na mbili. Mwalimu alipanda pikipiki Jumanne, Ijumaa, Jumanne, Ijumaa. Nilikuwa nasimama barabarani siku hizo zote, na sikuwa nampungia mkono tena, kwa sababu yeye alihitaji mikono yote miwili kumshika dereva.

Simu ilikuja kwa Mzee Mutua tukiwa kwenye mkutano wa kamati. Akaweka sauti ya nje. Injinia alisema beringi ya turbo ilitoka kiwandani na kasoro. Alisema oili waliyoipima ni safi na ya kipimo. Wangeweka turbo nyingine, bure. Kisha akaniuliza kama nipo.

"Nipo, mama."

"Mzee, vitabu viko na kurasa zimeng'olewa naona kila wiki. Hiyo yenu iliandika makosa ambayo hatungewahi kujua. Ndiyo tuliamini hizo zingine."

Mchungaji alilia, Mzee Mutua akanikumbatia akaniumiza mbavu, na mtu akakimbia kumwambia mama mkwe. Mimi niliketi chini sakafuni.

Gari lilirudi Jumatatu. Jumanne nilipanda pamoja na Mwalimu Nzomo kwenda Kitui, eti kusikiliza turbo mpya. Ilikuwa inasikika vizuri, wala haikunihitaji. Nilimngoja hospitali saa zote zile, na alipotoka alikuwa mweupe midomo kama kawaida yake, hana nguvu hata ya kunisahihisha. Nilimketisha karibu na dirisha. Hatukuwa hata tumemaliza mji wa Kitui, kichwa chake kikaanguka begani kwangu. Kwenye pikipiki hawezi kusinzia, ataanguka. Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo, kwamba kwa siku zote zile za pikipiki alikuwa akirudi nyumbani amechoka hivyo na macho lazima yawe wazi.

Tulipofika kwake, Muthui alishika ufunguo. Nikamwambia angoje, turbo haizimwi ghafla, aache injini izunguke dakika moja ipoe. Dakika ikaisha. Muthui akanitazama kwenye kioo. Nikatikisa kichwa, bado. Ikapita ya pili, na ya tatu, na injini ikaendelea kunguruma pole pole pale mlangoni, kwa sababu Mwalimu alikuwa bado amelala.